Umeme wa Kuchaji Upo, Transfoma ya Mtaa Je?

Bodaboda ya umeme ikiegeshwa kijiweni Buzuruga au Nyegezi hapa Mwanza, haupiti muda atatokea mtu wa kuuliza: tukihamia wote huku, umeme wenyewe utatosha? Kwa watu walioishi na mgao miaka ile yote, ni swali la haki. Ila jibu linalotolewa haraka haraka, kwamba siku hizi tuna Bwawa la Nyerere, linajibu nusu tu, tena ile nusu nyepesi.

Tuimalize hiyo nyepesi kwanza. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa, kila mmoja megawati 235, jumla megawati 2,115. Wa kwanza uliingia kwenye gridi mwanzoni mwa 2024, wa tisa mwaka uliofuata. Kanda ya Ziwa inafikiwa na njia kuu iliyojengwa kwa kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Dodoma na Singida hadi Shinyanga. Mwanza ina kituo chake cha mafuta mazito pale Nyakato, megawati 60 hivi, na upande wa Kagera kuna Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi. Sasa, betri ya bodaboda ya umeme inabeba kama uniti tatu, na chaja yake huvuta kilowati moja hivi. Bodaboda elfu kumi zikichaji kwa mpigo mmoja ni megawati 10. Kwa gridi nzima huo si mzigo wa kunyima mtu usingizi.

Kazi iko chini, mtaani.

Umeme hautoki Rufiji ukaingia moja kwa moja kwenye chaja. Unashuka hatua kwa hatua: kituo cha kupozea umeme, njia ya kilovolti 33 au 11, kisha transfoma ile iliyopandishwa juu ya nguzo mbili, ndipo zipatikane volti 400 za fezi tatu, au 230 kwa nyumba ya fezi moja. Kila hatua ina uwezo wake, na hatua ya mwisho ndiyo nyembamba kuliko zote.

Tuseme mtaa mmoja wa Buhongwa una transfoma ya kVA 100 (kVA ni kipimo cha mzigo inaoweza kubeba) na nyumba 80. Anayepanga mtandao hajumlishi kila pasi na kila friji, kwa sababu nyumba haziwashi vyote kwa wakati mmoja. Anachukua wastani, tuuweke kilowati 0.7 kwa nyumba saa mbili usiku. Jumla kilowati 56, transfoma inapumua vizuri. Mwaka huu watu watano mtaani wakanunua vigari vya umeme vilivyotumika kutoka Japani, wakafunga chaja za ampia 32, ambazo ni kilowati 7 kila moja. Wanarudi kazini saa moja, wanachomeka. Zimeongezeka kilowati 35, tumefika 91. Ukizingatia pawa fakta ya 0.9, yaani katika kila kVA 10 zinazopita ni kilowati 9 tu zinazofanya kazi, transfoma ya kVA 100 inabebeshwa 101. Ni magari matano tu, katika mtaa wa nyumba 80.

Na hapo nimekuwa mkarimu, nimedhani mzigo umegawanyika sawasawa kwenye fezi tatu. Kila fezi ya transfoma hiyo inabeba theluthi, kVA 33. Nyumba nyingi zimeungwa kwa fezi moja, na fezi ipi mteja amepata hutegemea waya uliokuwa rahisi kufikika siku ile aliyepanda nguzo alipokuja kuunga. Wale watano wakiangukia wote kwenye fezi nyekundu, fezi hiyo peke yake inabeba karibu kilowati 54, yaani kVA 60, huku njano na bluu zikiwa na kVA 21 kila moja. Fyuzi ya nyekundu itakatika, theluthi ya mtaa iingie gizani, na ng'ambo ya barabara jirani anaendelea kutazama taarifa ya habari. Lawama zitaenda kwa TANESCO kwamba wamekata umeme.

Fyuzi isipokatika ni hasara nyingine, ya kimyakimya. Nyaya za ndani ya transfoma zimefungwa kwa karatasi maalumu na kuzamishwa kwenye mafuta. Karatasi hiyo ndiyo roho ya mashine. Mwongozo wa kimataifa wa IEC unahesabu kwamba kila nyuzi joto 6 zinazozidi kiwango, kasi ya kuzeeka kwa karatasi inazidi mara mbili. Transfoma zetu nyingi huponea usiku wa manane: mzigo unashuka, hewa ya ziwa inapoa, mafuta yanapoa. Ndiyo maana ushauri wa "chajini usiku kucha" una gharama yake. Ukiujaza usiku mzima, umeinyima transfoma saa zake za kupoa.

Mwanza ina jambo lake la ziada, nalo ni milima. Nyumba za Mabatini na Igogo zimepanda juu ya mawe, na waya kutoka nguzo ya mwisho hupita juu ya mapaa ya watu wengi kabla ya kumfikia mwenyewe. Waya mrefu na mwembamba hupoteza volti kila ampia zinapoongezeka. Ni kama bomba la maji la mlimani, wa bondeni wakifungua wote, wa juu anapata matone. Mtu wa juu anauita "umeme mdogo": taa inafifia, friji inanguruma bila kuwaka, chaja ya pikipiki inakatakata. Kiwango cha IEC kwa mfumo wa volti 230 ni asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya 207 na 253. Mwenye mita ndogo ya volti na apime kwake saa mbili usiku, aone yuko wapi.

Tuje kwenye jua. Paneli za juu ya paa huleta tatizo lilelile lililogeuzwa kichwa chini. Mchana nyumba nyingi ziko tupu, paneli zinazalisha kwa nguvu, umeme unatafuta pa kwenda. Unatoka nyumbani kurudi kwenye nguzo, na mahali ulipoingilia volti zinapanda badala ya kushuka. Mwenye paneli za kilowati 5 mwisho wa laini ndefu anaweza kuona kwenye kioo cha inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, namba ikipanda 248, 251, 254, kisha inveta inajizima yenyewe na kuandika kosa la volti kubwa. Baada ya dakika chache inajaribu tena, inajizima tena. Mwenyewe anaita fundi, fundi anasema inveta mbovu, wananunua nyingine, nayo inafanya vilevile. Inveta zote mbili zilikuwa nzima.

Kuna na suala la mita. Kanuni za EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, za mwaka 2018 zinaruhusu mteja mwenye umeme wa jua kuingiza ziada yake kwenye gridi na kuhesabiwa. Hilo linahitaji mita inayosoma pande mbili. Zipo mita za malipo ya awali ambazo, zikiona umeme unatoka nyumbani, huuhesabu kana kwamba unaingia. Mwenye mita ya namna hiyo akiunganisha inveta ya gridi kienyeji, bila kufuata utaratibu, atakatwa uniti za LUKU kwa kulisha majirani. Na asisahau kwamba inveta ya gridi hujizima umeme ukikatika, kwa makusudi, ili lainimeni aliye juu ya nguzo asiuawe na umeme wa paa la mtu. Anayetaka taa wakati wa katizo lazima awe na betri na swichi ya kumtenga na laini.

Kwa hiyo chaja zinashusha volti usiku, paneli zinapandisha mchana. Mtu yeyote anaona tiba: chaji mchana. Kinachotutatiza ni kwamba gari la mfanyakazi mchana limeegeshwa ofisini, na bodaboda na bajaji mchana ndiyo ziko barabarani zinatafuta hela. Dereva wa bajaji hawezi kukaa saa nne kwenye soketi jua likiwa utosini.

Hapo ndipo kituo cha kubadilishia betri kinapobadilisha hesabu. Dereva anaingia na betri iliyoisha, anatoka na iliyojaa, dakika chache tu. Betri iliyobaki kituoni haina haraka. Chukua kituo chenye betri 20 za uniti tatu. Ukizichomeka zote kwa pamoja unavuta kilowati 20 kwa saa tatu. Uniti hizohizo 60 ukizitandaza kwa saa nane, wastani ni kilowati 7.5, mzigo wa chaja moja ya gari. Weka paneli za kilowati 10 juu ya bati la kituo na kwa siku nzuri ya Mwanza utapata kama uniti 40, zote zikaliwa palepale bila kugusa nguzo. Volti hazipandi, transfoma haijui kama kuna kituo. Mimi ningeanzia hapo kabla ya kitu kingine chochote: kuchaji kuwekwe penye betri zinazosubiri, na paneli ziwekwe juu yake.

Jiografia nayo inatusaidia kidogo. Saa yetu ya Afrika Mashariki imepangwa kwa longitudo 45, ilhali Mwanza iko karibu na 33. Jua letu linachelewa, utosi wake kwa wastani ni saa sita na dakika 48 mchana, kama dakika 25 baada ya Dar es Salaam. Wakati Dar wameanza kuwasha taa za jioni, paneli za Mwanza bado zinatoa cha mwisho. Si nyingi, lakini gridi ni moja, na kila kilowati ya saa kumi na mbili jioni ina thamani kuliko ya saa tano asubuhi.

Basi nani atamwambia chaja lini ivute na lini ipumzike? Njia ziko tatu, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni bei. Majirani zetu wa upande wa pili wa ziwa wameishaijaribu: Kenya mwaka 2023 iliweka bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri, shilingi 16 za Kenya kwa uniti saa za kawaida na 8 saa za mahitaji madogo. Mwenye kituo Kisumu ana sababu ya mfukoni ya kusubiri usiku uingie. Kwetu mteja wa kawaida wa LUKU analipa uniti bei ileile saa mbili usiku na saa nane mchana, hivyo hana sababu yoyote ya kujali saa. Ningependa tuige, ila kwa tahadhari. Bei ikishuka saa nne kamili usiku, chaja zote zilizotegeshwa zitawaka saa nne kamili, sekunde ileile, na mtaa utapata kilele kipya kikali kuliko cha zamani. Uingereza waliliona mapema. Tangu katikati ya 2022 chaja mpya za nyumbani zinazouzwa huko lazima zichelewe kwa bahati nasibu, hadi dakika 10, kabla ya kuanza, ili zisirukie laini kwa pamoja. Ni kanuni ndogo, ya bei rahisi, na kuiandika sasa tukiwa na chaja chache ni kazi ya jioni moja.

Ya pili ni amri. Kompyuta inasoma mzigo wa transfoma, inazigawia chaja kilichobaki: leo kila mmoja apate kilowati 3, baadaye 5. Chaja za kampuni tofauti zinaweza kuzungumza na kompyuta moja kwa lugha ya wazi iitwayo OCPP, kwa hiyo mnunuzi asikubali chaja iliyofungiwa kwa muuzaji mmoja. Njia hii inafaa kwenye maegesho makubwa, karakana ya mabasi au kituo cha betri. Kwa mtaa mzima inadai intaneti isiyokatika na kifaa cha kupimia kwenye kila transfoma, na sioni ikifika Mkolani karibuni.

Ya tatu ndiyo ninayoiamini zaidi kwa mazingira yetu: kifaa kisome volti zake chenyewe. Volti zikishuka, tuseme chini ya 215, chaja inapunguza mvuto taratibu, zikirudi, inaongeza. Inveta nayo badala ya kuzima ghafla kwenye 253 inaanza kupunguza kidogo kidogo kabla ya kufika huko. Hakuna intaneti, hakuna kompyuta katikati, hakuna ada ya mwezi.

Ina dosari moja ambayo wauzaji hawaisemi. Volti hazishuki sawa kwa wote. Aliye jirani na transfoma anaona 228, chaja yake inavuta kwa raha zote. Aliye juu ya mawe, mwisho wa laini, anaona 212, chaja yake ndiyo inayojibana ili mtaa uwe salama. Mchana mambo yanageuka na yanamwangukia yeye yule: paneli zake ndizo zinazofika volti ya juu kwanza, yeye ndiye anayepoteza uzalishaji. Mtu mmoja anabeba mzigo wa nidhamu ya mtaa mzima mara mbili kwa siku, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo. Wahandisi wanaweza kurekebisha kwa kuweka viwango tofauti kulingana na umbali kutoka transfoma, au shirika likabadilisha waya mwembamba kwa mnene. Vyote vinawezekana, lakini lazima mtu aamue kwamba ni tatizo.

Haya ni ya mtaani. Kwenye gridi nzima kuna kosa moja la wengine ambalo hatuna haja ya kulirudia. Ujerumani iliruhusu paneli nyingi za mapaa zikiwa na inveta zilizopangwa zizime papo hapo masafa ya gridi, yaani mapigo ya umeme kwa sekunde ambayo kawaida ni hezi 50, yakifika hezi 50.2. Zikiwa chache haikuwa na neno. Zilipofika gigawati nyingi, ikaonekana kwamba siku masafa yakigusa 50.2 kwa bahati mbaya, mapaa yote yangezima kwa pamoja na kuiangusha gridi kwa kukosa umeme ghafla. Kuanzia 2012 ikabidi mafundi wapite kurekebisha mitambo kwa mamia ya maelfu. Australia Kusini nayo, tangu 2020, inadai paneli mpya za mapaa ziweze kuzimwa kutoka mbali dharura ikitokea, na mwaka uliofuata mamlaka zikalazimika kweli kuzizima baadhi. Kwetu, na mradi wa jua wa Kishapu mkoani Shinyanga ukiingia kwenye njia zilezile zinazotulisha, mipangilio ya inveta ni jambo la kukaguliwa zinapoingia nchini. Kuifuata baadaye nyumba kwa nyumba ni gharama.

Anayetaka kuona haya yote kwa udogo wake avuke kwenda Ukara, wilayani Ukerewe. Kisiwa kile kina gridi yake ndogo ya jua na betri, ilianza mwaka 2016 na kilowati 60 hivi za paneli. Kwenye gridi ndogo namna hiyo mashine moja ya kusaga ikiwashwa, mwendeshaji anaiona. Na visiwani kuna mzigo ambao kitabu cha Ulaya hakiujui: betri za taa za dagaa. Karabai zimepungua, taa za LED zimechukua nafasi, na betri zake zinarudi ufukweni asubuhi zimeisha na kutakiwa jioni zimejaa. Zinachajiwa mchana, jua likiwepo. Ni mzigo wa ndoto kwa mwenye paneli. Ila dagaa hawavuliwi mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu taa haiwavuti. Siku hizo betri hazirudi, na paneli zinabaki na umeme usio na mteja. Kwa hiyo mwendeshaji makini wa gridi ya kisiwa anatakiwa awe na kalenda ya mwezi ukutani, aweke siku za kusukuma maji na kugandisha barafu kwa wingi kwenye siku wavuvi wanapolala nyumbani.

Kuhusu gari kurudisha umeme kwenye gridi, ambalo watu wengi hulipenda mitandaoni, nitapita haraka. Linawezekana, linahitaji chaja ghali na mita ya pande mbili, na linachakaza betri ambayo kwa vigari vilivyotumika tayari imechoka. Tusubiri kwanza.

Nirudi kwenye pesa, kwa sababu kuna kitu tayari kipo kwenye bei zetu na wenye vituo wengi hawajakitumia. Mteja anayetumia zaidi ya uniti 7,500 kwa mwezi kwenye volti 400 huingia kundi la T2. Kwa bei zilizopangwa na EWURA mwaka 2016, kundi hilo hulipa shilingi 195 kwa uniti badala ya 292 za T1, kundi la wateja wa kawaida, kabla ya kodi na tozo, lakini linaongezewa shilingi 15,004 kwa kila kVA ya mvuto wake wa juu kabisa wa mwezi. Kituo chenye chaja 60 za kilowati moja, kila moja ikijaza betri moja na nusu kwa siku, kinatumia uniti 270 kwa siku, 8,100 kwa mwezi, kimeingia T2. Chaja zote zikiwaka kwa pamoja hata mara moja, mvuto wa mwezi unaandikwa kVA 60 na zaidi. Mwenye kituo akiziwekea zamu ya saa 12, wastani ni kilowati 22.5, na hata akiacha nafasi ya dharura anaweza kubaki kwenye 25. Tofauti ya kVA 35 ni shilingi 525,140 kila mwezi, kwa kifaa cha kupanga zamu ambacho fundi mzuri wa umeme pale mjini anaweza kukifunga.